Kisima cha Saveta

Dada yangu Saveta alipofariki, mumewe Gherasim alichimba kisima kando ya barabara kwa jina lake. Ndivyo tunavyowafanyia marehemu wetu hapa kijijini. Mpita njia akinywa, husema, "Mungu amrehemu Saveta," nasi tunaamini kwamba huko aliko naye amepata kunywa.

Wengine huchimba visima vyao mbali, njia panda au mashambani. Gherasim alikichimba mbele ya lango lake, chini kidogo ya zizi la ng'ombe, ili awe anasikia jina la mkewe likitajwa. Hata akiwa jikoni anasonga ugali, gurudumu la kuvutia ndoo kisimani likilia tu, huacha mwiko na kutega sikio. Hakuna aliyemwambia kwamba pale si mahali pake. Nani angekuwa na moyo wa kumwambia mfiwa asogeze kisima chake?

Mwanzoni mwa kiangazi mtoto wa Ruxanda akaugua. Ruxanda anakaa ng'ambo ya barabara. Bado binti mdogo, na mumewe yuko Italia anajenga nyumba za watu. Maziwa ya kifua yalimkauka, akawa anamkorogea mtoto wake, Dochița, maziwa ya unga. Ni mama mwangalifu. Alichota maji kwa Gherasim, akayachemsha, kisha akayachemsha tena. Asubuhi moja nilimkuta amemshika mtoto dirishani penye mwanga.

"Bibi Paraschiva, hebu mtazame midomo."

Midomo ilikuwa ya kijivu na buluu, kama ya mtoto aliyekula matunda ya forosadi, ila huyu hakuwa na jino hata moja.

Hospitalini walimtibu, akapata nafuu. Daktari akauliza maji yanatoka wapi, na watu wa afya wakaja kuyapima. Muuguzi wetu wa kijiji alitueleza kwa lugha yetu: sumu ya samadi ya zizini inashuka ardhini mpaka kisimani. Huioni, huinusi, na kuchemsha hakuiondoi; maji yanapungua sufuriani na ubaya unabaki pale pale, mkali zaidi. Mtu mzima anaweza asihisi kitu. Mtoto mchanga, damu yake inashindwa kubeba hewa.

Nikaenda kwa Gherasim. Alikuwa zizini.

"Shemeji, kifunge kile kisima."

"Kafunge mdomo wako kwanza."

"Mtoto alikaribia kufa."

"Mtoto alipigwa na baridi. Mimi nayanywa kila siku, niangalie! Nina nguvu kama fahali."

"Fahali gani huyo, magoti yanamlia kila akipanda ngazi?"

Hakucheka. Alimgeukia ng'ombe wake, Joiana, akawa anamkwangua mgongo polepole. "Dada yako amelala pale makaburini," akasema, "nawe unataka nimnyime maji? Wewe uliyenyonya naye ziwa moja?"

Siku zake za mwisho Saveta aliomba maji, na madaktari walikuwa wamekataza asinywe. Tulimlowanisha midomo kwa kitambaa tu. Gherasim ndiye aliyekishika kile kitambaa, naye Saveta alikuwa anakinyonya. Nikarudi nyumbani.

Habari zikaenea. Watu wakawa wanapita upande wa pili wa barabara, wanainamisha vichwa kama wana haraka. Gherasim akatoa kigoda, akakaa pale kisimani, amekunja mikono.

Nilikuwa nachuma maharage kwenye ua wangu, uliopakana na wa Gherasim, siku Ruxanda aliposhuka kwenye basi kutoka hospitali, mtoto kifuani, mfuko mkononi. Alimwona yule mzee. Akasimama kidogo, kisha akavuka kwenda kwake.

"Habari za mchana, babu."

"Nzuri, binti yangu."

Ruxanda akaweka mfuko chini, akachukua kikombe cha bati, akachota ndooni, akanywa.

"Mungu amrehemu bibi Saveta," akasema.

Mzee akainua uso. "Kwani hukuambiwa haya maji ni mabaya?"

"Niliambiwa."

"Sasa umekunywa kwa nini?"

"Nimeona leo hakuna aliyekunywa, babu."

Gherasim akainuka. Alikichukua kile kikombe mkononi mwa Ruxanda taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu, akamwaga yaliyobaki. Kisha akafunua shali na kumtazama Dochița aliyekuwa amelala. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Usirudie," akamwambia Ruxanda. "Umenisikia? Wewe wala mtu mwingine yeyote."

Alasiri ile ile alipigilia mbao juu ya kisima. Mimi nilimshikia misumari, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa na hakuona vizuri.

"Dada," akaniuliza, "Saveta atakasirika?"

"Atakasirika, ndiyo. Tazama misumari ulivyoipinda."

Akacheka, huku anafuta pua kwa mkono wa shati.

Kesho yake Joiana alihamishiwa chini kabisa bondeni, na wanaume wa kijiji walikuja na makoleo bila kuitwa, wakaizoa samadi yote. Watu wa afya wanasema ardhi haisafiki upesi. Huenda ikachukua miaka. Basi kila asubuhi Gherasim anafunga farasi kwenye mkokoteni na kwenda kwenye chemchemi ya msituni, mahali ambapo mifugo haifiki. Maji yake yamepimwa, ni mazuri. Mtungi wa kwanza ni wa Ruxanda. Anauacha mlangoni, anaondoka.

Juzi Ruxanda alimwahi kabla hajageuka. "Babu, nishikie mtoto, nimkorogee maziwa."

Alikaa kwenye ngazi, akampakata kama mtu aliyebeba mayai. Ruxanda akaleta chupa, mzee akaishika mwenyewe. Dochița alinyonya kwa nguvu, anahema, anakodoa macho, maziwa yakimchuruzika kidevuni. Ruxanda akataka kumpokea. Gherasim alitikisa kichwa, akamwinamia mtoto.

"Kunywa, mama," akamwambia. "Kunywa pole pole. Yapo mengine."