Hesabu ya Gabrieli Mlangoni

Kwa watu wa upande ule wa Sekenke, mtoto hahesabiwi. Ukimuuliza mtu ana watoto wangapi atakujibu wapo, basi, ufunge mdomo wako. Namba ikitamkwa husikika, na anayesikia si lazima awe binadamu.

Gabrieli, katekista wa kigango, alikuwa na njia yake. Miaka minne ya seminari haikumpa upadre, ilimwachia Kilatini tu. Basi kila jioni wanawe wakiingia ndani alisimama mlangoni akiwagusa vichwa: unus, duo, tres, quattuor, quinque, sex, septem, octo. Alimwambia mkewe, Hana, kwamba lugha ile ilikufa na wenyewe, hakuna wa kuisikia. Hana alimcheka, lakini mumewe akichelewa kuhesabu alimkumbusha.

Mwaka wa tisini na tatu akaja Padre Damiani, Mwitaliano kijana, mcheshi, asiyejua kunyamaza. Jioni moja alikaribishwa uji, akaisikia hesabu ile, akapiga makofi.

"Mzee Gabrieli, hiyo ni yetu. Uno, due, tre, quattro. Mama yangu anahesabia mayai hivyo." Akaendelea. Wahispania wanasema cuatro, Wafaransa quatre. Octo ya Warumi kwao Italia ni otto, Hispania ni ocho, na Wareno na Waromania nao wana zao. "Haijafa hata kidogo. Imezaa, na watoto wake wamejaa duniani."

Alidhani amempa zawadi. Gabrieli alishukuru, ila uji ukamshinda. Kumbe miaka yote ile alikuwa akiwatangaza wanawe kwa nusu ya dunia. Tangu kesho yake akawa anasimama mlangoni kimya. Hata kimoyomoyo aliogopa kuhesabu.

Julai, Hana alikwenda Kiomboi kumuuguza mama yake hospitalini. Zilikuwa enzi za ruksa. Kila mwenye sururu alichimba dhahabu alipotaka, akikosa anahama na shimo analiacha wazi, na hakuna wa kumuuliza. Jioni moja Hana akiwa bado huko, watoto waliingia kwa makundi, wengine wakaenda kulala kwa shangazi yao nyumba ya pili. Gabrieli aliona vichwa vingi, akaridhika. Waliobaki nyumbani walidhani Yasinta, kitinda mimba wa miaka sita, yuko kwa shangazi. Wa kwa shangazi walidhani yuko nyumbani.

Walimpata asubuhi, ndani ya shimo nyuma ya shamba la alizeti. Halikuwa refu. Mguu ulikuwa umevunjika, kucha zimejaa udongo, na baridi ya Julai ndiyo iliyommaliza. Angetafutwa jioni ile angepatikana hai, na Gabrieli alilijua hilo kabla hajaambiwa na mtu.

Baada ya mazishi Padre Damiani alikaa naye kwenye benchi nje ya nyumba.

"Padre," Gabrieli akauliza, "kwenu watoto mnawahesabu kwa sauti?"

"Kila siku, mzee. Sisi tulikuwa tisa. Mama alituhesabu kabla ya kufunga mlango."

"Na mlikua wote?"

Padre alimtazama, asielewe swali linatoka wapi. "Wote. Tupo mpaka leo."

Hana aliwasikia kutoka ndani. Akatoka, kanga ya msiba kichwani, akasimama mbele ya mumewe.

"Walikuwa nane, Baba Zefania," akasema, kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia. "Nane. Ungesema kwa lugha yoyote, ningekuwa na mwanangu."