Mama Mkwe Yumo Kwenye Kioo

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milimani kwetu Mbuji kugombea kahawa yetu, Vitalis alikuwa dereva wa mmoja wao, na mimi, Romanus, nilikuwa mshenga wake. Kazi ya kipumbavu kuliko hiyo sijaifanya tena. Siku hiyo tulikwenda kwa Mzee Bartholomayo kupokea jibu la posa ya binti yake, Flavia, na Vitalis akaona aingie na pikapu ya tajiri wake ili aonekane mtu.

Njia ilikuwa nyembamba, ngoro, yale mashimo tunayochimba mteremkoni kupandia mahindi, kulia na kushoto, na uani hapakuwa na nafasi ya kugeuza gari. Ikabidi aingie kinyumenyume. Mama Flavia, kwa wema wake, akasimama nyuma kutuelekeza.

"Njoo! Njoo! Kata kulia!"

Vitalis akainamisha macho magotini.

"Tazama kioo, wewe!" nikamfokea.

"Siwezi, kaka. Mama mkwe yumo kwenye kioo."

Kwetu mkwe hamkodolei macho mama mkwe, hilo nalijua. Lakini heshima gani hii ya kurudisha gari unatazama magoti yako?

"Simama!" mama akapiga kelele.

Vitalis akakanyaga breki, amechelewa. Bampa ikaangusha ukuta wa choo cha matete. Ndani, amechuchumaa, mzima kabisa, Mzee Bartholomayo akatutazama.

"Shikamoo, baba," akasema Vitalis.

Mzee akainuka, akavuta suruali. Alipomaliza kufunga mkanda akanguruma, "Posa imekufa!"

Nikajaribu kumtetea kijana: aliyeita "njoo" ni mama. Nilikuwa tayari kumsingizia mke wa mtu mbele ya mumewe, na naona haya mpaka leo.

"Hapana," Vitalis akanikatiza. "Usukani nilishika mimi. Sikutazama. Kosa ni langu, na choo nitakijenga mwenyewe."

Mama Flavia akasogea. "Binti yangu simpi mtu asiyetazama nyuma. Toa gari, uingie tena. Na unitazame."

Tukatoka, tukarudi. Ukoo mzima, uliokusanyika kusikia jibu, ukajificha nyuma ya mibuni. Mama akasimama palepale. Safari hii Vitalis alimkazia macho kwenye kioo, jasho likimtiririka, hata kope hapepesi. Gari likasimama shubiri moja kutoka kwenye magoti ya mama. Mama hakurudi nyuma hata hatua.

"Flavia," akaita, "mletee mumeo maji."