Inua Ulimi

Rachida alikubali kuingia katika utafiti wa Profesa Louis kwa sababu moja tu: aliombwa na Nathalie. Nathalie alikuwa msaidizi wa profesa, lakini kwa Rachida alikuwa kwanza mtoto aliyempokea kwa mikono yake mwenyewe katika kituo cha afya cha Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka mjini Kindu, muda mfupi kabla ya vita. Mtu hamnyimi dakika arobaini mtoto aliyemkata kitovu.

Wakamketisha katika darasa tupu upande wa mjini, dirisha likitazama mto. Nathalie akamvalisha visikizio. Sauti ya mwanamume, Kiswahili safi cha redio, ikamwambia afumbe macho. "Kwa dakika tano, kumbuka siku ya vita iliyokuumiza kuliko zote. Irudie. Ione, isikie, inuse."

Rachida akafumba macho. Halafu akakataa.

Hakukataa kwa mdomo. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, muuguzi, na alijua kukaa kimya mbele ya watu wenye karatasi. Alikataa ndani. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na tangu utotoni Rachida alivijua vituo vya garimoshi kama alivyozijua sura fupi za Kurani. Akaanza kuvitaja moyoni: Kindu, Kibombo, Samba, Kongolo, Kabalo. Akifika mwisho, anarudi. Alikwenda na kurudi sijui mara ngapi. Sauti ilipomwambia afumbue macho, alikuwa na njaa kidogo, basi.

Kisha wakamwekea mezani vipande kumi vya sabuni. Vingapi utabaki navyo, na vingapi utampa mtu usiyemjua wa ukingo wa pili wa mto? Akagawa vitano kwa vitano, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Nathalie akaandika, akamshukuru, akampa soda. Rachida akapanda mtumbwi kurudi kazini, akadhani mambo yamekwisha.

Siku aliyokataa kuirudia ilikuwa ya mwaka 2002, mji ulipozingirwa. Wakati ule mtu akienda shambani kuchuma sombe, majani ya muhogo, aliaga kama anayesafiri mbali, kwa kuwa hakuna aliyejua kama atarudi. Garimoshi lilikuwa limekufa. Watoto waliumwa malaria juu ya njaa, na kituo cha Alunguli kilikuwa na makopo machache ya kwinini yaliyoletwa kwa ndege. Rachida aligawa vidonge, watoto wakaendelea kufa. Akaja daktari mmoja mgeni, akafungua daftari, akahesabu vifo kwa ncha ya kalamu, akasema: "Dawa hii haifanyi kazi tena hapa. Acheni kuitoa." Akaondoka kwa ndege ileile aliyojia.

Malaika, binti wa Rachida wa miaka sita, naye alikuwa amepewa vidonge. Alikufa siku ya tano. Siku chache baada ya mazishi Rachida aliinua mkeka wa mtoto ili auanike juani, akakuta vidonge vinne vimeshikamana na udongo wa sakafu, vyeupe, vimelambwa kidogo tu. Vilikuwa vichungu mno. Mtoto alikuwa akivificha chini ya ulimi, na mama akigeuza mgongo anavitema. Na mama yake, muuguzi, hakuwahi kumwambia afungue mdomo.

Tangu siku ile hakuna mgonjwa aliyemeza dawa mbele ya Rachida bila kuamriwa: fungua mdomo, inua ulimi. Wazee wenye kanzu, wanajeshi wenye bunduki, wake wa wakubwa, wote waliinua. Tena wiki ileile alipita nyumba kwa nyumba kwa wale waliofiwa. Huyu mtoto wake alitapika nyuma ya nyumba kwa tumbo tupu. Yule alikata kidonge katikati ili awagawie wawili. Dawa haikushindwa, dawa haikufika. Lakini daktari alikwisha kuandika, na yaliyoandikwa ndiyo yaliyosikilizwa. Kwinini haikuletwa tena kwa miezi minne.

Baada ya ule mchezo wa sabuni, mvua ziliisha, kiangazi kikaingia, na Profesa Louis akarudi kutoka Kinshasa kutoa matokeo. Ukumbi ulijaa. Rachida alikaa mstari wa tatu, ubavuni mwa mzee Assani, fundi mstaafu wa reli aliyefanya kazi na marehemu baba yake. Profesa alikuwa na sauti nzuri, na koti lake lilikaa sawasawa licha ya joto. Akaonyesha ukutani, kwa mashine ya picha, mchoro wa nguzo mbili, moja ya buluu, moja ya njano, urefu mmoja.

"Kundi la kwanza tulilikumbusha vita," alisema. "Kundi la pili tulilikumbusha siku ya kawaida ya soko. Tulidhani walioamshiwa vita watawabania sabuni watu wa ng'ambo. Hakuna tofauti yoyote." Akatabasamu. "Ndugu zangu, hii ni habari njema. Kumbukumbu ya vita haiwaumizi tena watu wa Kindu. Mmepona."

Wengine wakapiga makofi. Profesa akaendelea, kwa sauti ileile nzuri, kwamba kwa sababu hiyo mfadhili ataacha kugharimia vikao vya Alhamisi pale kituo cha Alunguli, ambako wanawake waliopitia vita walikaa na mshauri wakasema yaliyowakaba. Nguvu zitaelekezwa mahali penye uhitaji.

Rachida alisikia damu ikimpanda hadi masikioni. Mmepona! Hakujua kwamba amesimama mpaka alipoona vichwa vimemgeukia.

"Prof, samahani. Mimi nilikuwa ndani ya kundi la vita."

"Karibu, mama."

"Uliniuliza kama nilikumbuka hiyo vita?"

"Mama, kila mtu alipewa maagizo yaleyale."

"Maagizo niliyasikia, sina uziwi. Nauliza: uliangalia kama nilifanya?"

Profesa akacheka kidogo, kicheko cha kumsaidia mtu mzima asiaibike. "Tulikuwa na watu mia mbili, mama. Takwimu za watu mia mbili haziyumbishwi na mtu mmoja."

"Basi mimi nakuambia wa kwanza. Vita sikukumbuka. Nilitaja vituo vya reli toka Kindu mpaka Kabalo, kwenda na kurudi, dakika zote tano. Ile dawa yako sikuimeza. Niliitema chini ya mkeka. Leo unasimama pale unaniambia nimepona? Nani amekupa ruhusa ya kusema nimepona?"

Neno la mkeka lilimtoka bila kuitwa. Hakuketi.

Mzee Assani akajiinua kwa fimbo yake, akasema kwa Kiswahili chake cha Kindu. "Mimi, prof, nilikuwa kundi la soko. Waliniambia nikumbuke siku ya soko, siku ya kawaida. Soko gani? Sokoni njo walipopigia mudogo wangu risasi, juu ya kilo moja ya muchele. Mimi nikifunga macho nikisema soko, yeye njo anakuja. Nilitoka pale ninalia. Huyu binti njo aliniletea maji." Akamwelekezea Nathalie fimbo.

Ukumbi ukavurugika kama kichuguu kilichopigwa teke. Rachida akawageukia watu. "Waliokuwa kundi la vita, nani alikumbuka vita kweli? Inueni mikono, tusidanganyane." Walikuwa wamekaa mle watu kama thelathini wa kundi lile. Ikainuka mikono sita. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba yeye dakika zote tano aliwaza sufuria ya maharagwe aliyoiacha motoni.

"Hii si sayansi!" Profesa alikuwa ameacha kutabasamu. "Mikono ya ukumbini si ushahidi!"

"Ni kweli," Nathalie akasema. Alikuwa amesimama kando ya mashine ya picha, mikono ameikunja kifuani kama anayesikia baridi. "Mikono si ushahidi. Watu wanaweza kufuatana. Lakini na ile 'mmepona' haina ushahidi, prof. Kulikuwa na swali la saba. 'Ulikumbuka nini, na ulisikia nini moyoni?' Ndilo lingetuambia kama zoezi lilimgusa mtu au lilimpita. Ulilifuta. Ulisema linarefusha karatasi."

"Nathalie, kaa chini."

"Kama kundi la vita halikukumbuka vita, na kundi la soko ndilo lililokumbuka, basi nguzo hizi hazina la kutuambia. Hatukuonyesha kwamba vita haiumi. Hatukuipima kabisa."

Hakukaa chini. Aliyekaa ni profesa.

Nje, juani, Nathalie alimkimbilia Rachida akitegemea labda kushikwa mkono. Rachida akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Ulijua toka lini?"

"Toka siku alipolifuta."

"Na ulinyamaza."

"Mama, yeye ndiye anayesahihisha tasnifu yangu."

"Na mimi ndiye niliyekukata kitovu. Ulinikalisha kwenye kiti, ukanivalisha vile vitu masikioni, ukanyamaza." Akamwacha amesimama palepale, akashuka bandarini, na mtumbwini hakujibu salamu ya mtu.

Kesho yake asubuhi Nathalie alikuwa mlangoni mwa kituo cha Alunguli na rundo la karatasi, swali la saba limechapwa upya. Hakuomba msamaha, alisema tu, "Watu hawatanifungulia milango nikienda peke yangu." Rachida alitamani kumfukuza. Badala yake alivua koti lake jeupe la kazi akafunga kitambaa kichwani.

Walizunguka wiki tatu, kwa miguu na kwa pikipiki, kingo zote mbili za mto. Nathalie aliuliza, Rachida alikaa pembeni kama mdhamini. Waliwapata watu mia moja sitini na wawili. Wa kundi la vita, theluthi mbili walisema waliikwepa: huyu aliimba kimoyomoyo, huyu alisali, huyu alilala. Wa kundi la soko, karibu nusu soko liliwapeleka vitani. Nathalie aliandika pia yale yaliyodhoofisha kazi yake mwenyewe: kwamba miezi imepita, kwamba jibu la leo si lazima liwe jibu la siku ile, kwamba baadhi walikuwapo ukumbini na walimsikia Rachida. Hilo Rachida alilipenda, ingawa hakumwambia.

Wa mwisho kuulizwa alikuwa Rachida mwenyewe.

"Ulikumbuka nini?"

"Reli."

"Na ulisikia nini moyoni?"

"Njaa."

Nathalie akaandika, kisha akainua kichwa. "Kuna siku uliyoikwepa, mama?"

"Hilo limo kwenye karatasi?"

"Halimo."

"Basi usiniulize. Andika hivi: mimi sikumbuki kwa amri ya mtu."

Nathalie akaandika hivyohivyo, neno kwa neno.

Profesa Louis alipiga simu mwezi uliofuata. Sauti yake ilikuwa ya heshima, na ya uchovu. "Mama Rachida, nimeibadilisha ripoti. Ile sentensi nimeiondoa. Sasa inasema hatuwezi kuhitimisha lolote, kwa kuwa hakuna uthibitisho kwamba zoezi liliwafikia washiriki."

"Vizuri. Na vikao vya Alhamisi?"

"Hivyo haviko mikononi mwangu. Mfadhili amekwisha kupanga mengine."

"Ulipokosea vilikuwa mikononi mwako. Umesahihisha, vimetoka?"

Rachida akakata simu kabla profesa hajapata jibu la adabu.

Alhamisi ya wiki ileile alikuta wanawake kumi na mmoja wameketi kwenye ngazi za kituo, na chumba cha vikao kimefungwa kwa kufuli. Mshauri alikuwa amehamishiwa Kasongo na hakuna aliyewaambia. Walikuja kama kawaida, mmoja wao alikuwa ametembea tangu alfajiri. Rachida aliwatazama, akasikia hasira yake ikirudi nzima, kama haikupungua hata tone. Akaenda ofisini, akachomoa ufunguo msumarini, akafungua. Ndani walikwisha kuweka maboksi ya vyandarua hadi dirishani. Akayasukuma kwa mguu, moja moja, mpaka viti vikapata nafasi.

Mkuu wa kituo alimkuta mlangoni. "Nani amekuruhusu?"

"Hakuna."

"Wewe si mshauri, Rachida. Hujasomea."

"Sijasomea. Nitakaa nisikilize, na nisichokijua sitakisema."

"Itabidi niandike barua."

"Andika, dokta. Lakini uingie kwanza ukae nao saa moja, ndipo uandike."

Hakuingia. Alirudi ofisini, na barua ya onyo ikatoka siku ileile, ina muhuri na sahihi. Rachida aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti, akarudi chumbani na kufunga mlango. Alhamisi iliyofuata walikuja wanawake kumi na watatu.