Jego Lililoita Askari

Jumamosi ya salongo, kazi ya usafi ya wote, mtaa mzima wa Mikelenge ukiwa na majembe mkononi, jego la Mwavita lilianza kuita askari.

Mwavita alikuwa mbele ya karai lake la mikate, shavu limefungwa kitambaa, watu kumi na mmoja wakingoja chai uani. Nyumba hiyo haikujua kula peke yake. Sauti zilitoka kwenye mzizi wa jego la chini, nyembamba kama za vifaranga: "Askari, mukuje! Adui iko huku!" Jirani yake Hadidja alisema redio ya mumewe haijawahi kusikika vizuri hivyo, kisha akaomba sukari.

Askari wa barieri, kizuizi cha njia ya Kibombo, walisikia pia. Wakaja sita. Walimtafuta adui chini ya vitanda, wakamkosa, wakala mbuzi. Jioni jego likaita tena, wakaja kumi na wawili. Wakala bata wote wa Hadidja, wakaanza kung'oa milango wapate kuni.

Jumatatu Okito, muganga wa dispanseri, aliweka sikio shavuni.

"Mama Mwavita, hawa njo wajumbe ya damu. Kadudu kamoja kameingia mu tundu ya jino, wao wanaita askari ya mwili. Askari wanakuja wengi, kwa adui hawafiki. Sasa mufupa njo unaliwa."

"Na wa kuwaambia warudi hakuna?"

"Iko. Lakini sauti yao kidogo. Kadudu kakiwa ndani, wa kuita hawanyamazi."

Sindano ya ganzi ya kung'olea jino ilikuwa imekwisha, na treni inayoleta dawa haikuwa na siku. Okito alishauri angoje. Mwavita alisema nyumbani umebaki mlango mmoja, akashika benchi kwa mikono miwili.

Hadidja, aliyemsindikiza, alimkamata kichwa, akamsimulia habari za Musafiri, aliyetoka machimbo ya Kama na dhahabu kidogo na wake wawili wasiojuana. Wake walikuwa ndiyo kwanza wanakutana kisimani jego lilipotoka. Mwavita akatema damu.

"Endelea," akamwambia Hadidja.

Jego lilikaa kimya kwenye sahani, kifuko cha usaha kimening'inia mzizini. Mfupa uliolishika, alisema Okito, ulikuwa umelainika kama muhogo uliolowekwa.

Nyumbani askari walikuwa wamekalia viti vyote. Mwavita aliwaeleza kwamba wajumbe wamenyamaza na adui ametolewa. Sajini alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Mama, kuja tuliitwa. Kurudi hatujaitwa."

Kesho yake asubuhi Mwavita alisukutua maji ya chumvi, akasimama kwenye mlango uliobaki, akaita kwa nguvu zote, upepo ukipita penye pengo: "Askari, murudi!" Akaita na siku iliyofuata. Akaita mwezi mzima, hakuruka hata siku moja. Sauti yake ilikuwa kubwa, ilifika hadi mtoni.

Sajini naye aliisikia kila siku. Ndiyo iliyomjulisha kwamba mikate imeiva.