Mdhamini wa Lori la Dagaa

Kazi niliipata bila kuiomba. Arobaini ya baba ilikuwa imepita juzijuzi tu, mtu aitwaye Nurdin alipokuja nyumbani kwa mjomba, mtaa wa Pasiansi, tulikohamia mimi na mama baada ya msiba. Hakukaa sana. Alisema ana ofisi ya udalali wa mizigo pale Kirumba, anawatafutia wafanyabiashara malori na wenye malori mizigo, na anahitaji mtu wa mauzo. Cheti changu cha kidato cha nne hakukiuliza. Mama alimshukuru hadi akalia. Mimi nilijiuliza mtu ambaye sikumwona msibani ameelekezwa na nani kwa mjomba.

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga simu. Unampigia mwenye mzigo, unambembeleza, akikubali unaanza kuwatafuta wenye malori. Wengi wanakata. Wengine wanakusikiliza mpaka mwisho, kisha wanakwambia umekosea namba.

"Wewe Fadhila una bahati," aliniambia Pius, tuliyekuwa naye chumba kimoja. "Ukipiga simu mtu anaanza na pole. Mimi wananianza na matusi."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu tuzike. Baadaye nikaacha kucheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Nurdin alikuwa amenikataza kuanza na jina la ofisi. "Sema wewe ni binti wa marehemu Mzee Lukman," aliniagiza. Na watu alionipa niwapigie wote walikuwa watu wa baba.

Baba hakuwa na lori wala mzigo. Alikuwa fundi wa maturubai ya malori pale soko la dagaa la Mwaloni, akishona na kuziba viraka, hivyo kila dereva alipita mikononi mwake. Akina mama wanaouza dagaa walimwamini. Kwao lori halipakiwi mpaka mtu anayeaminika asimame mbele ya makuli aseme, "Dereva huyu namfahamu." Mara nyingi mtu huyo alikuwa baba. Naye alikuwa na sharti lake: hamsemei dereva ambaye hajala nyumbani kwake. Aliwaleta mchana kwetu Igogo, mama akasonga ugali, mimi nikawanawisha mikono. Alisema anataka kuuona uso wa mtu akiwa ameshiba. Tulimcheka kwa hilo. Sasa naliandika nisije nikalisahau.

Mama Paskazia nilimpigia kwa kuwa jina lake lilikuwa la kwanza nililopewa. Alikuwa na dagaa wa kupeleka Tunduma, wake na wa dada yake, mtaji wao wote ukiwa kwenye magunia.

"Ungekuwa mwingine ningekuhoji mpaka ukome," alisema. "Ila kama ni wewe, mwanangu, sina swali."

Jibu lile lilinitia hofu kuliko kukatiwa simu.

Lori alilitafuta Nurdin mwenyewe. Nilipouliza dereva ni nani, alisema anaitwa Chenge, na kwamba baba alimfahamu.

"Mbona simkumbuki, kaka?"

"Utawakumbuka madereva wote? Mdogo wangu, maswali mengi yanafukuza wateja. Kesho simama useme lile neno la mzee, basi."

Pius hakuinua kichwa. Nurdin alipotoka, alisema polepole, "Malori ya hapa nayatafuta mimi. Hilo silijui."

Asubuhi nililikuta lori limeshaegeshwa Mwaloni. Rangi yake ilikuwa imechakaa, lakini maandishi ya namba mlangoni yalikuwa mapya, yanang'aa. Makuli walikuwa wamekaa juu ya magunia wakinisubiri mimi.

"Binti Turubai, sema tupakie!" mmoja alipiga kelele. "Jua linatuchoma na chai hatujanywa!"

Chenge alikuja akitabasamu, shati limepigwa pasi. "Pole sana, dada. Mzee alikuwa kama baba yangu. Nani hajui ugali wake?"

Mama Paskazia alinitazama kwa furaha. "Umeona? Huyu ni mtu wetu."

Nilitaka sana awe mtu wetu. Nilimtazama usoni, nikajaribu kumweka kwa mawazo kwenye mkeka wetu, mikono ikiwa juu ya beseni. Hakukaa.

"Ulikula kwetu?" nilimuuliza.

"Mara nyingi mno."

"Wapi?"

"Si nyumbani kwenu? Pasiansi, ile nyumba yenye geti la bluu."

Geti la bluu ni la mjomba. Baba hakuwahi kulala pale hata usiku mmoja. Nikamkumbuka Nurdin akiwa ameketi sebuleni kwa mjomba siku ile, akizungusha macho.

Makuli walikuwa wameshasimama. Nikilikataa lori, kazi imekwisha, na mama bado hajui tutakaa kwa mjomba hadi lini. Nikilikubali, yule mama hatakuwa na pa kumdai mtu zaidi ya kwenye kaburi la baba.

"Simfahamu," nilisema.

"Eti nini?" aliuliza Mama Paskazia.

"Dereva huyu simfahamu. Msipakie."

Nilisubiri Chenge anitukane. Dereva aliyenyimwa mzigo hugomba. Hudai mafuta yake, huita wenzake, pengine hata kukushika mkono. Huyu aliacha kutabasamu, akapanda, akawasha lori na kuondoka. Hakuuliza hata kwa nini.

"Wewe, mbona amekimbia?" kuli mmoja aliuliza.

Simu yangu iliita kabla vumbi halijatulia. Alikuwa Nurdin. Kuhusu mzigo hakuuliza. Alisema, "Umemwambia nani mwingine?"

"Watu wote waliopo hapa," nilijibu.

Alikata. Nilipompigia tena hakupatikana, na mchana Pius alinitumia ujumbe kwamba amekuta ofisi ina kufuli.

Mama Paskazia alikuwa amekaa juu ya gunia, khanga mdomoni. Kisha aliitoa, akanigeukia kwa ukali ambao hakuwahi kunionyesha.

"Haya, mdhamini. Dagaa wangu wanaondokaje?"

Nilimpigia Ngosha, dereva aliyekuwa akimaliza ugali hadi mama anasonga mwingine. Alikuwa Misungwi, anarudi mjini bila mzigo.

"Anakuja," nilimwambia Mama Paskazia.

"Huyo naye umemfahamu wapi?" aliuliza. "Alikaa upande gani? Alikula nini? Nieleze yote, na usiruke kitu."

Nikakaa kwenye gunia la pili, nikaanza kumweleza.