Masikio ya Mama Atoo

Mizinga ilikuwa imelila sikio la kushoto la Odyek lote, na la kulia ikalibakisha nusu. Alistaafu jeshini akiwa sajini, akajenga nyumba ya matofali kwenye mteremko wa Mbuya, akaishi humo na mkewe Nanyama, Mbukusu aliyemwoa siku alizokuwa akilinda mpakani. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kujifunza lugha ya mwenzake, nyumbani walizungumza Kiswahili cha kambini. Binti yao wa pekee, Atoo, alikuwa ameolewa huko Gulu.

Uzeeni Odyek alishikwa na hamu ya kutengeneza spika. Hakutaka za masanduku. Alitaka ubao mpana unaosimama wima, spika imepachikwa kwenye tundu, mgongo wazi, sauti itoke mbele na nyuma. Alisema sanduku huifunga sauti kama mahabusu. Mbao za mvule alipewa na Wamalwa, fundi wa vitanda vya wanafunzi kule Kyambogo, ambaye kwa kuwa alitoka Bungoma kama Nanyama alimwita Odyek shemeji. Ndiye rafiki pekee aliyekuwa bado anakuja kumtembelea.

Siku ya kwanza spika zake mbili ziliunguruma vibaya. Ubao usio na sanduku hauna wa kuushika. Koni, ile karatasi ya spika inayocheza, ikisukuma hewa, fremu yake nayo husukuma ubao, na ubao unaanza kulia kivyake. Odyek hakuusikia mlio huo vizuri. Alimwita mkewe kutoka jikoni, akamkalisha kwenye kiti kilichoelekea spika, akamwambia asikilize.

Nanyama alisema kweli. Kulikuwa na mlio kama wa nzi ndani ya chupa, upande wa kushoto, chini. Odyek akapapasa pale, akakuta skrubu moja imelegea.

"Mama Atoo," alisema, "una masikio mazuri sana."

Tangu waoane hakuwa amemsifu kwa lolote. Nanyama alirudi jikoni, akamenya ndizi nyingi kuliko walizohitaji. Haikuwa furaha.

Alipokuwa bibi harusi mpya alikuwa akiimba kwaya katika kanisa la kambini. Watu walikuja mapema wapate viti vya mbele kwa ajili ya sauti yake. Jumapili moja Odyek aliingia na sare yake, akapita katikati ya viti, akamshika mkono wimbo ukiwa haujaisha na kumtoa nje, watu wote wakitazama. Mke wa askari, alimwambia, hasimami mbele ya wanaume akiacha mdomo wazi. Nanyama hakuimba tena, hata akiosha vyombo. Sasa mtu yuleyule alikuwa anayasifu masikio yake.

Jumapili baada ya sifa ile Odyek alikuwa ameshaikaza skrubu. Akamkalisha tena mkewe, akawasha. Sauti ilitoka safi, kila ala ya muziki mahali pake. Nanyama aliisikiliza mpaka mwisho.

"Bado inatetemeka," alisema.

Odyek hakubisha. Alikata washa, yaani pete bapa za mpira, kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, akaziweka kati ya fremu na ubao. Akazikaza skrubu kwa kipimo, kwa kuwa alijua zikikazwa mno fremu hupinda na koni hukwaruza. Jumapili, Nanyama akasema bado. Odyek akabandika vipande vya blanketi la jeshi mgongoni mwa ubao. Bado. Akapigilia mbao za kuegemeza nyuma, akajaza mchanga kwenye miguu. Nanyama akasema imepungua kidogo, lakini sasa imehamia kulia. Alikuwa ametambua kwamba "imepungua" humwumiza mumewe kuliko "bado", kwa sababu humtia tamaa.

Mara nyingi Odyek aliweka vidole juu ya ubao muziki ukipiga. Vidole vilimwambia umetulia kama ukuta. Akaacha kuviamini vidole vyake.

Mwishowe alichagua njia ngumu kuliko zote. Alipanua matundu ili ukingo wa spika usiguse ubao kabisa, akaitengenezea kila spika nguzo yake nzito nyuma, akaikamata kwa sumaku iliyo mgongoni mwake, na pengo lililobaki akalijaza sponji laini. Patasi ilimteleza ikamchana kiganja, na kidonda kikaoza. Nanyama alikiosha kila asubuhi kwa maji ya chumvi, akakifunga kwa kitambaa safi, taratibu, asimwumize. Kazi ilipokwisha aliketi kwenye kiti, akasikiliza, akasema bado.

Wamalwa alikuja kumjulia hali, akastaajabu jinsi Odyek alivyokonda. Akaomba asikie. Wimbo ulipokwisha aligusa ubao.

"Shemeji, hapa hakuna kitu. Iko safi kabisa."

Odyek akamgeukia mkewe. Nanyama alisema yeye anasikia mtetemo. Wamalwa akamtazama kwa muda mrefu, na Nanyama hakuyakwepa macho yake.

Odyek alimwambia Wamalwa kwamba misumeno imemharibu masikio, au amechoka kutoa mbao na anatafuta pa kutokea. Mke wake, alisema, hawezi kumdanganya. Akamwomba atoke nyumbani kwake na asirudi. Nanyama alimsindikiza mgeni mpaka getini. Huko Wamalwa alimwambia kwa Kibukusu aache mchezo huo kabla hajamwua mtu. Nanyama akafunga geti.

Aliporudi alimkuta mumewe ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye ubao.

"Nimebaki na wewe tu," Odyek alisema.

Nanyama alikuwa amelingoja kwa hamu neno kama hilo. Lilipokuja halikumpa raha aliyoitarajia. Alikaa kwenye kiti, akamwambia kwamba spika ziko safi, na zimekuwa safi tangu alipoikaza ile skrubu ya kwanza.

Odyek alitabasamu, akidhani anaonewa huruma. Ilibidi amwambie tena kwa sauti kubwa, karibu na sikio la kulia. Tabasamu likamwisha. Akauliza kwa nini.

"Ulinitoa kanisani wimbo ukiwa haujaisha," Nanyama alisema.

Odyek alifikiri. Alionekana kutafuta kwa bidii.

"Kanisa gani?"

Akamtajia kanisa, kambi, na gauni alilovaa. Odyek akatikisa kichwa. Hakuwa akijitetea. Hakuikumbuka hata kidogo siku ile, na Nanyama aliona usoni pake kwamba haikumbuki, wala hataikumbuka kamwe.

Kisha Odyek akauliza kama spika ni nzuri.

"Nzuri sana."

"Namna gani?"

Nanyama akamweleza. Alisema mtu husikia waimbaji wakivuta pumzi kabla ya kuanza. Husikia nani amesimama mbele na nani nyuma, na kidole kikiteleza juu ya uzi wa gitaa. Odyek alisikiliza ameinamisha sikio lake la kulia, akamwacha amalize.

Halafu akatoka uani, akarudi na shoka. Alizipasua mbao zote mbili kwa mkono ule wenye kidonda, na nguzo pia, akazikusanya vizuri, akazipeleka jikoni kwa safari mbili.

"Pikia," alisema.

Mvule haushiki moto haraka. Nanyama alipuliza mpaka macho yakamtoka machozi, na maharage yalichelewa kuiva. Walikula mezani pamoja. Odyek aliomba chumvi, naye akampa.