Mabega ya Chiriku

Mkono wa kushoto wa shati ulikuwa umeshafumuliwa nusu pale Chiriku aliporudi kuchukua mwavuli wake.

Mama Pindo hakumsikia akiingia. Alikuwa ameinama karibu na dirisha, wembe katikati ya vidole, akikata nyuzi moja baada ya nyingine kwa wepesi wa mtu anayechambua maharage. Vijana wengine walikuwa wameshaondoka. Cherehani zote sita zilikuwa zimefunikwa, sakafu imefagiliwa, na mvua ya alasiri ilikuwa ikipiga bati. Alipoinua macho, binti alikuwa amesimama mbele ya meza.

"Hilo si shati langu, Mama?"

Uongo ulikuja wenyewe mpaka kwenye ncha ya ulimi: kwamba uzi ulikuwa mbovu, kwamba mshono uliachia. Mama Pindo akaumeza.

"Ni lako."

"Mbona unalifumua?"

"Bega lako hukunjana. Nilitaka kulinyoosha kidogo."

"Na lile la wiki iliyopita?"

"Nalo."

"Na yale mawili yaliyopelekwa kiwandani?"

Hapo Mama Pindo akauweka wembe mezani. "Nayo, mwanangu. Yote. Tangu ulipoanza."

Msichana huyu hakupewa jina la Chiriku bure. Alikuwa akiongea huku akitunga uzi, akiongea na pini tatu mdomoni, akiongea hata na cherehani ilipomgomea. Sasa hakutoa neno. Aligeuka akatoka mvuani, na mwavuli akauacha ukining'inia msumarini.

Mama Pindo alikaa pale mpaka mvua ikapungua. Mbele yake, ukutani, kwa rangi nyeusi, yalikuwepo maneno ambayo yeye mwenyewe aliinua mkono kuyapitisha: KIJANA AKISHIKA KAZI, MLEZI AWEKE MIKONO NYUMA.

Ukumbi ule ulikuwa ghala la zamani la mji. Miaka mitatu nyuma, watu waliochoka kuwaona vijana waliomaliza shule wakikaa vibarazani kutazama magari yanayopita waliomba ufunguo, wakafukuza popo, wakapaka chokaa, na kila mwenye ufundi akajitolea Jumamosi zake. Alikuja fundi umeme, akaja fundi bomba, akaja muuguzi, hata kinyozi. Hakuna aliyelipwa, chai yenyewe walikuja nayo kwenye chupa kutoka majumbani. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu aliyeitwa Bwana Kengele, kwa kuwa alistaafu shule bila kustaafu kengele. Ile kanuni ilikuwa yake. Siku ya kwanza aliwaona mafundi wakiwapokonya vijana vifaa kila baada ya dakika mbili, akasema kwa mtindo huo watajifunza kutazama tu. Tangu hapo fundi bomba alijulikana mji mzima kama mtu aliyewahi kulowana kuanzia kofia hadi soksi, mikono iko nyuma, akimwambia kijana, "Fikiri. Maji yanatoka wapi?"

Mama Pindo naye aliifuata kanuni barabara. Jumamosi nzima mikono ilikaa nyuma. Ila kanuni haikusema lolote kuhusu baada ya vijana kwenda nyumbani.

Na yeye, tuseme ukweli, kitu kilichopinda hakumwachia mtu. Jina lake lilitokana na siku aliyomsimamisha karani wa posta katikati ya barabara, akapiga goti, akamshonea pindo la suruali lililokuwa limening'inia, mguu ukiwa ndani na watu wanatazama. Kwa bega lililokunjana hali ilikuwa mbaya zaidi. Hakuweza kulala akijua liko ghalani. Alijiambia anawalinda vijana wasikate tamaa, na labda kweli aliwalinda wengine. Lakini Chiriku alikuwa akifika kila Jumamosi, analikuta shati lake limetulia kwenye kiango, analigeuzageuza na kusema, "Kumbe naweza bwana!"

Kile kiwanda cha sare kilikuwa kikichukua mwanafunzi mmoja kutoka ukumbini kila mwaka. Msimamizi wake alikuwa amempendelea Chiriku kwa mabega ya yale mashati mawili. Jumatano iliyokuwa ikija binti angeshona shati zima mbele yake kwa saa tatu. Akishindwa, nafasi ingekwenda kwingine na mlango ungefungwa hadi mwaka unaofuata. Mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa, na aliyeuambia ni Chiriku mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Jumapili asubuhi Mama Pindo alimkuta Bwana Kengele akimwagilia miche. Alimweleza yote akiwa amesimama, bila kupumzika, kama mtoto aliyeitwa ofisini. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaiweka ndoo chini.

"Kwa hiyo ulisubiri watoke."

"Nilisubiri watoke, Mwalimu."

"Miaka thelathini nimefundisha watoto wakorofi," alisema, "sijaona mkorofi kama wewe." Hakucheka. "Itabidi nipeleke taarifa kiwandani tumwondoe. Hatuwezi kumtupa binti wa watu mbele ya msimamizi na kazi isiyo yake."

"Usimwondoe. Nipe ufunguo wa ukumbi, leo mpaka Jumanne."

"Siku tatu? Kwa bega la shati?"

"Siku tatu. Akikataa mwenyewe, nitakurudishia ufunguo kabla ya adhuhuri na nitakwenda kiwandani mimi, kwa miguu yangu, niseme."

"Na hiyo mikono?"

Mama Pindo aliitazama mikono yake, vidole vilivyotobolewa na sindano tangu ujana. "Nitaikalia," alisema.

Bibi yake Chiriku ndiye aliyefungua mlango.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Yupo uani, kanuna. Tangu jana hajasema neno, nyumba imekuwa kama tumehama."

Chiriku alikuwa akianika nguo. Hakugeuka. Mama Pindo aliutundika mwavuli kwenye kamba, akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Nimekukosea," alisema. "Sina la kujitetea."

"Watu wanaupita mlango huu wananiita fundi." Sauti ya Chiriku ilikuwa imekauka. "Fundi gani mimi? Bora ungeniambia kwamba sijui. Ningelia nikamaliza."

"Najua."

"Siendi Jumatano."

"Sawa. Lakini kabla hujaamua, naomba uniangalizie kitu." Mama Pindo alilitoa shati kwenye mfuko. Mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia vile vile alivyouacha, nusu ndani, nusu nje. "Huu nilikuwa nimeshaufumua. Wa kulia sijaugusa."

Chiriku aligeuka. Alilichukua shati, akalivuta bega la kulia kwenye mwanga wa jua, akaingiza ngumi yake ndani kama alivyofundishwa na kulizungusha taratibu. Nyuma kulikuwa na mikunjo miwili midogo. Mbele mshono ulipita ulipotakiwa kupita.

"Huu ni wangu?"

"Wako mtupu."

"Si mbaya sana."

"Si mbaya sana," alikubali Mama Pindo. Kisha akasema jambo lililomkosesha usingizi usiku uliopita. "Ule wa kushoto sijui ulikuwaje. Nilianza kuufumua kabla sijautazama. Ndiyo mazoea niliyofikia, mwanangu. Huenda ulikuwa mzuri."

Chiriku alikaa chini, shati likiwa mapajani. Halafu akafuta pua kwa kiganja.

"Nguo hizi zikikauka zote," alisema, "nakuja. Na usinipikie maneno matamu huko. Nimeyashiba."

Walitumia mashuka makuukuu. Chiriku alikata mikono na vipande vya mabega, akaunga, akafumua, akaunga tena. Mama Pindo alikaa kwenye benchi, viganja chini ya mapaja, na kugundua jambo ambalo halikumpitia akilini katika miaka ishirini na sita ya kazi. Hakuwa na maneno. Vidole vilijua kila kitu, mdomo haukujua chochote.

"Hapa nafanyaje?" aliuliza Chiriku.

"Unafanya hivi... unakishika kile... aa, unakula ile ziada."

"Naila?"

"Usinicheke. Ngoja nifikiri." Alifumba macho. Aliushona mkono mzima kichwani, akivitazama vidole vyake vinafanya nini, na akaanza kuvisimulia. "Kichwa cha mkono ni kipana kuliko tundu lake. Ndiyo maana kinakunjana. Anza juu, siyo kwapani. Pini ya kwanza katikati ya bega. Halafu kila upande peke yake. Piga bandi, mishono mirefu ya mkono, uivute kidogo kidogo mpaka kitambaa kikubali. Ukikimbia, ziada yote inakusanyika nyuma inakungoja."

"Kumbe! Ndiyo maana yangu hukunjana nyuma."

"Ndiyo maana."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Sikuwa najua kama najua," alisema Mama Pindo, na wote wawili wakacheka kwa mara ya kwanza.

Jumatatu ilikuwa ngumu. Mikono saba iliharibika mfululizo, na wa nane Chiriku aliutupa ukutani. Viganja vya Mama Pindo vilikufa ganzi. Mara mbili vilichomoka vyenyewe, na mara mbili binti akasema bila kugeuka, "Mama, kalia." Fundi bomba alipita kuazima koleo, akamwona mwanamke yule amejikalia kama kuku anayeatamia, akaondoka bila kuuliza. Jumanne jioni kulikuwa na mikono ishirini na tatu sakafuni. Sita kati yake ilikuwa mizuri. Chiriku aliikunja hiyo sita akaenda nayo nyumbani kumwonyesha bibi.

Kiwandani, chumba cha majaribio kilikuwa na dirisha la kioo lililotazama kwenye ujia mrefu wenye benchi. Msimamizi alikuwa mwanamke mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni. Yale mashati mawili yalikuwa mezani kwake, yamepigwa pasi.

"Wewe ndiye mwenye mabega haya," alisema.

Mama Pindo alifungua mdomo, lakini Chiriku alimtangulia. "Hapana, mama. Mabega hayo si yangu. Mimi nilishona, yakafumuliwa, yakashonwa upya. Nimejua Jumamosi. Kola ni zangu, mifuko ni yangu, vishimo vya vifungo ni vyangu. Mabega hapana."

"Mkosaji ni mimi," alisema Mama Pindo. "Nilimficha."

Msimamizi aliivua miwani akaiacha ining'inie. Alimtazama mkubwa, akamtazama mdogo.

"Na ya leo yatakuwa ya nani?"

"Ya leo yangu," alisema Chiriku. "Yakiwa mabaya pia yangu."

"Saa tatu," alisema msimamizi. "Sitaongeza hata dakika moja. Na wewe, mama, utakaa nje."

Mama Pindo alikaa nje. Kupitia kioo aliona kitambaa kikitandazwa, chaki, mkasi. Aliona kola ikikaa. Saa ya kwanza ikaisha, na ya pili. Mkono wa kulia uliingia vizuri. Kisha Chiriku aliitazama saa ya ukutani, akaukimbiza wa kushoto, na Mama Pindo aliuona mkunjo kabla kanyagio la cherehani halijasimama: nyuma ya bega, mnene kama kidole. Zilibaki dakika thelathini na tano.

Chiriku alilinyanyua shati, akauona mkunjo. Akainua macho mpaka kwenye kioo.

Mama Pindo alisimama. Kila kitu ndani yake kilimtaka aingie, agonge kioo, aonyeshe hata kwa kidole tu, pale, anzia pale. Alimpenda yule mtoto, na hakuwahi kulisema hilo kwa mtu. Akaipeleka mikono yote miwili nyuma, akavifungamanisha vidole, akabaki amesimama hivyo ili aonekane vizuri.

Binti alimtazama. Midomo yake ilikuwa ikicheza, akiongea peke yake, au na cherehani. Halafu akashusha macho, akauchukua wembe.

Mfagiaji wa kiwanda alipita ujiani akisukuma ufagio wake, na pindo la suruali yake la mguu wa kushoto lilikuwa limefumuka, linaburuta sakafuni.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," alijibu Mama Pindo. Aliliona pindo. Sindano ilikuwepo, imechomekwa kolani kwake, na uzi wake. Mfagiaji akaendelea na safari yake mpaka akapotea kwenye kona. Nyuma ya kioo, nyuzi nyeupe zilikuwa zikianguka juu ya meza moja moja, bila haraka. Alizitazama, vidole vimeng'ang'aniana mgongoni, mpaka aliposikia kanyagio likianza tena.